Leseni Iliyofutwa: Mateso ya Wanataaluma Wayahudi chini ya Udikteta na Mwangwi Wake Afrika Mashariki

Daktari, wakili na mhadhiri wana jambo moja linalowatofautisha na mkulima au mchuuzi wa sokoni: hawawezi kufanya kazi yao bila karatasi. Elimu wanayo kichwani, lakini haki ya kuitumia imo kwenye leseni, kwenye daftari la chama cha taaluma na kwenye barua ya ajira. Serikali ikitaka kuwaondoa wanataaluma wa kundi fulani, mlango wa kwanza inaoupitia ni ule wa ofisi ya usajili.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, Tanzania, uzito wa karatasi ya namna hii unajulikana vizuri. Kule Rwamgasa watu wawili wanaweza kuufuata mwamba uleule kwa sururu zilezile. Mwenye leseni ya uchimbaji mdogo ni mmiliki, asiye nayo ni mvamizi. Duara (shimo la kuchimbia), karasha (mashine ya kusaga mwamba), vibarua na mkopo wa kununulia mafuta ya jenereta vyote vimening'inia kwenye leseni hiyo. Ikifutwa, ufundi wa kuusoma mwamba unabaki mikononi kama ulivyokuwa, ila mwenye ufundi amekwisha kuwa mtu mwingine mbele ya sheria. Mchimbaji anaweza kuhamia rashi nyingine, yaani machimbo mapya. Wakili au daktari aliyefutwa kwenye daftari la taifa hana rashi nyingine ndani ya nchi yake.

Katika Ujerumani ya Adolf Hitler, kati ya 1933 na 1939, njia hiyo ilitumiwa dhidi ya Wayahudi hatua kwa hatua, kwa sheria, matangazo na fomu. Baadhi ya waliofukuzwa walifika Kenya. Haikupita miaka arobaini, Uganda ya Idi Amin nayo ikafuata njia inayofanana na hiyo kwa mambo mengi, ikiwagusa Waisraeli, Wayahudi wa Mbale, Waasia na mwishowe wasomi Waafrika wenyewe. Mikasa hiyo miwili haikulingana kwa ukubwa wala kwa mwisho wake, lakini ikitazamwa pamoja, namna kazi hiyo inavyofanyika inaonekana wazi.

Wayahudi katika taaluma za Ujerumani

Mwaka 1933 Wayahudi wa Ujerumani walikuwa takriban 500,000, chini ya asilimia 1 ya wakazi wote. Katika uwakili na udaktari, hata hivyo, walikuwa wengi kuliko idadi yao ilivyotazamiwa: takriban asilimia 16 ya mawakili wa nchi nzima, zaidi ya robo ya mawakili wa jimbo la Prussia, na katika jiji la Berlin karibu nusu ya mawakili na madaktari.

Sababu yake ilikuwa ya kihistoria. Kwa vizazi vingi Wayahudi wa Ulaya walizuiwa kumiliki ardhi na kuingia katika vyama vya mafundi. Usawa wa kisheria kwa Ujerumani nzima ulipatikana mwaka 1871, na hata baada ya hapo uofisa wa jeshi, vyeo vya juu serikalini na uprofesa viliendelea kuwa vigumu kwao kuvifikia. Kazi ambazo mtu alihitaji shahada na wateja tu ndizo zilizokuwa wazi, na familia nyingi zikawasomesha watoto kuelekea huko. Baadaye walishtakiwa kwa kuupita mlango pekee waliokuwa wameachiwa.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliongeza chuki hiyo. Vyuo vikuu vilitoa wahitimu ambao hawakuwa na pa kwenda, na vijana wengi waliona kwamba viti vyote vimekwisha kukaliwa. Chama cha Nazi kiliwapa jibu: waliokaa si wenzenu. Umoja wa madaktari wa chama hicho ulianzishwa mwaka huohuo wa 1929, na mwishowe karibu nusu ya madaktari wote wa Ujerumani walichukua kadi ya chama. Wengi wao walikuwa na shahada na kliniki zao. Walichokifuata kilikuwa itikadi, na pamoja nayo nafasi za wenzao.

Hofu ya mtaani ilitangulia sheria

Hitler alishika ukansela tarehe 30 Januari 1933. Kabla ya sheria yoyote kuandikwa, wanamgambo wa chama walianza kazi. Tarehe 10 Machi 1933 wakili Michael Siegel alikwenda makao makuu ya polisi ya Munich kulalamika kwa niaba ya mteja wake Myahudi aliyekuwa amekamatwa. Humo ndani alipigwa, suruali yake ikakatwa, viatu na soksi vikavuliwa. Kisha akatembezwa katikati ya jiji akiwa na bango shingoni lililosema kwamba hatalalamika tena polisi. Mpiga picha mmoja aliinasa safari hiyo, na picha zake zikachapishwa hata nje ya Ujerumani. Anaonekana mtu mzima aliyevaa koti la kazini, miguu mitupu juu ya lami, amezungukwa na wanaume wenye sare na silaha.

Kazi ya wakili ni kulalamika kwa niaba ya mwingine, na bango lile liliifuta kazi hiyo wiki kadhaa kabla sheria haijaifuta. Siegel aliokoka, na mwaka 1940 alifanikiwa kuhamia Peru.

Tarehe 1 Aprili 1933 ikaja siku ya kususia, iliyoandaliwa nchi nzima. Wanamgambo walisimama kwenye milango ya maduka ya Wayahudi, na pia kwenye milango ya kliniki na ofisi za mawakili, wakiwazuia wagonjwa na wateja wasiingie. Siku chache kabla ya hapo mawaziri wa sheria katika majimbo makubwa walikuwa wamewaamuru majaji Wayahudi wachukue likizo. Vurugu za mtaani zikawa kisingizio cha sheria: serikali ilisema inaleta utaratibu mahali palipo na fujo, ilhali fujo hizo zilikuwa zake.

Aprili 1933: sheria na msamaha wenye mtego

Tarehe 7 Aprili 1933 ilipitishwa Sheria ya Kurejesha Utumishi wa Umma wa Kitaaluma. Jina lake lilisikika kama la mageuzi ya kiofisi, lakini kifungu chake cha tatu kiliagiza watumishi wasio Waarya wastaafishwe. Siku nne baadaye kanuni zikafafanua: kuwa na babu au bibi mmoja tu Myahudi kulitosha. Sheria iligusa majaji, waendesha mashtaka, walimu wa shule, maprofesa na madaktari wa hospitali za umma. Tarehe 7 Aprili hiyohiyo sheria nyingine ilifungua njia ya kuwafuta mawakili. Tarehe 22 Aprili madaktari Wayahudi waliondolewa kwenye mifuko ya bima ya afya. Tarehe 25 Aprili wanafunzi wapya Wayahudi katika shule za juu na vyuo vikuu waliwekewa kikomo cha asilimia 1.5, na Oktoba mwaka huo wahariri wa magazeti wakafuata.

Kipigo cha bima kinastahili kuangaliwa kwa karibu. Daktari aliyeondolewa kwenye mfuko hakunyang'anywa leseni. Kibao kilibaki mlangoni na vifaa vilibaki mezani. Lakini Mjerumani wa kawaida alitibiwa kwa bima, na mgonjwa akishaambiwa kwamba mfuko hautamlipia, anakwenda mtaa wa pili. Kliniki ilikauka yenyewe, na serikali iliweza kusema kwamba haijamfungia mtu.

Utekelezaji ulifanyika kwa fomu. Kila mtumishi alijaza maswali kuhusu dini ya wazazi, babu na bibi zake, na aliyetiliwa shaka alitakiwa kuleta vyeti vya ubatizo vya watu waliokufa miaka mingi nyuma. Profesa aliyefundisha miaka ishirini alianza kuandika barua parokiani na manispaa kuomba uthibitisho wa bibi yake. Makarani waliozipokea fomu hizo hawakumpiga mtu hata kofi. Walipanga majalada, wakagonga mihuri, wakapeleka orodha juu.

Rais Paul von Hindenburg, jemadari wa zamani, alisisitiza wawepo wa kusamehewa: walioajiriwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, waliopigana mstari wa mbele, na waliofiwa na baba au mwana vitani. Wanazi walishangaa walipohesabu, kwa sababu zaidi ya nusu ya mawakili Wayahudi waliangukia katika msamaha huo. Propaganda ilikuwa imewaita wasaliti, na daftari likaonyesha kuwa walimwaga damu kwa ajili ya Ujerumani.

Hata hivyo msamaha huo ulifanya kazi ya mtego. Uliwagawa waathirika kati ya wenye nishani na wasio nazo. Uliwapa matumaini wengi waliofaa kuondoka mapema, wakabaki wakidhani kwamba dhoruba itapita. Na uliwalazimisha kuukubali msingi wenyewe, kwamba haki ya kufanya kazi sasa ni hisani inayohitaji ushahidi. Victor Klemperer, profesa wa fasihi za Kirumi huko Dresden aliyekuwa amepigana vitani, alibaki kazini hadi 1935, kisha akafukuzwa. Mwanafizikia James Franck, mshindi wa tuzo ya Nobel, alistahili kusamehewa pia, lakini Aprili 1933 alijiuzulu kwa hiari na kwa tamko la wazi, akikataa heshima ambayo wenzake wamenyimwa. Mkemia Fritz Haber, ambaye utafiti wake ulikuwa umelisaidia sana jeshi la Ujerumani, naye alijiuzulu badala ya kuwafukuza wasaidizi wake. Alikufa Basel, Uswisi, Januari 1934.

Walioinua sauti miongoni mwa wenzao wasio Wayahudi walikuwa wachache. Kufa kufaana: kila kiti kilichoachwa wazi kilikuwa ajira ya mtu, na kila mgonjwa aliyemhama daktari Myahudi aliingia kwa daktari mwingine.

Kutoka kubanwa hadi kufutwa

Hindenburg alikufa Agosti 1934, na misamaha yake haikudumu baada yake. Sheria za Nuremberg za tarehe 15 Septemba 1935 ziliwavua Wayahudi uraia kamili, na kufikia mwisho wa mwaka huo watumishi wa umma waliosalia waliondolewa, wakiwemo wenye nishani za vita.

Mwaka 1938 ulimaliza kazi iliyobaki. Amri ya Julai ilifuta leseni za madaktari wote Wayahudi kuanzia tarehe 30 Septemba. Takriban 700 tu waliruhusiwa kuendelea, tena kwa kuwatibu Wayahudi wenzao, na hawakuruhusiwa kuitwa madaktari: waliandikwa kuwa "watibu wagonjwa". Amri ya Septemba iliwafuta mawakili kuanzia tarehe 30 Novemba. Wachache waliobakizwa waliitwa "washauri" na walihudumia Wayahudi pekee. Januari 1939 zamu ikawa ya madaktari wa meno, wafamasia na waganga wa mifugo. Katika jamii ambayo cheo hutangulia jina, kama ilivyo Afrika Mashariki kwa Daktari, Mwalimu na Fundi, kumnyang'anya mtu neno hilo ni kumwambia kwamba hata miaka yake ya masomo haikuwahi kuwepo. Serikali haikuishia kwenye cheo. Kuanzia tarehe 1 Januari 1939 kila mwanamume Myahudi ambaye jina lake halikuwamo kwenye orodha iliyokubaliwa alilazimika kuongeza jina la Israel, na kila mwanamke jina la Sara.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi yaliteketezwa nchi nzima, na wanaume takriban 30,000 wakapelekwa kambi za Dachau, Buchenwald na Sachsenhausen. Wengi waliachiwa kwa sharti la kuondoka Ujerumani. Kuondoka nako kulikuwa na bei: kodi ya kuihama nchi ilimega mali, na fedha taslimu zilizoruhusiwa kutoka nazo zilifika Mark 10 tu. Oktoba 1941 ruhusa ya kuhama ilifungwa kabisa. Waliobaki, pamoja na Wayahudi wa nchi zilizotekwa, walipelekwa kwenye maangamizi yaliyoua watu takriban milioni sita. Orodha zilizoanza kama za usajili wa taaluma zilikuwa zimetoa mazoea na makarani kwa orodha za baadaye.

Milango iliyofunguka kidogo: Kenya na Tanganyika

Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kujadili wakimbizi hao, na karibu wote walieleza kwa nini hawangeweza kupokea wengi. Wanataaluma walikuwa na tatizo la ziada. Fundi cherehani hushona popote, lakini wakili aliyesomea sheria za Kijerumani hana kazi katika mahakama ya Kiingereza, na hata Uingereza kwenyewe madaktari wengi wakimbizi walitakiwa kusoma na kufanya mitihani upya kabla ya kusajiliwa.

Afrika Mashariki haikuwa ngeni katika mazungumzo kuhusu Wayahudi. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza eneo la kuhamia kwa vuguvugu la Kizayuni. Mpango huo uliitwa wa Uganda, ingawa ardhi iliyolengwa ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo ziko Kenya. Mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni uliukataa. Jumuiya ndogo ya Wayahudi ilikwisha kuota mizizi Nairobi, na kuanzia 1938 chama kilichoundwa kwa kusudi hilo, Plough Settlements Association, kiliwaleta wakimbizi wa Ujerumani na Austria kujifunza kilimo kwenye mashamba ya walowezi.

Mmoja wa waliofika Kenya mwaka huo alikuwa Walter Zweig, wakili kutoka mji wa Leobschütz, ambao leo uko Poland. Alitangulia peke yake, na mkewe na binti yao mdogo, Stefanie, wakamfuata miezi michache baadaye. Mtu aliyezoea mahakama alijikuta msimamizi wa shamba la mlowezi huko Rongai, akijifunza mifugo, mvua na Kiswahili. Mwaka 1995 Stefanie Zweig alichapisha riwaya iliyotokana na maisha hayo, *Nirgendwo in Afrika*, yaani Si Popote Afrika. Filamu yake, iliyoongozwa na Caroline Link, ilishinda Oscar mwaka 2003.

Katika riwaya hiyo kuna kitu kimoja kinachobeba habari yote. Wakili amesafiri na joho lake la mahakamani, lile jeusi, hadi shambani. Halina kazi. Mwishowe anampa Owuor, mpishi wa nyumba, ambaye analipokea kama vazi la heshima na kulivaa kwa fahari. Joho linapata mtu wa kulienzi, naye aliyelitoa anaonekana alivyo: mtu mwenye taaluma isiyokuwa na mahali.

Hata ukimbizini karatasi iliwafuata. Vita vilipoanza Septemba 1939, utawala wa Kiingereza uliwakamata wenye hati za Ujerumani kama raia wa adui, na wakimbizi Wayahudi wakawekwa kizuizini kwa muda kwa sababu ya uraia wa dola iliyokuwa ikiwatesa. Kuvuka mpaka, Tanganyika, hali ilikuwa na ukali wake. Nchi hiyo ilikuwa chini ya udhamini wa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, lakini ilikuwa na walowezi wengi Wajerumani katika nyanda za kaskazini na za kusini, na chama cha Nazi kilikuwa na matawi miongoni mwao. Myahudi aliyeikimbia Berlin angeweza kuikuta bendera yenye swastika kwenye mkutano wa walowezi chini ya Mlima Kilimanjaro.

Ng'ambo ya Ziwa Victoria: Uganda ya Idi Amin

Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Wakati huo Israel ilikuwa mshirika wa jeshi la Uganda. Wakufunzi wake waliwafundisha askari na marubani, na kampuni ya Solel Boneh ilikuwa na kazi kubwa za ujenzi, zikiwemo za uwanja wa ndege wa Entebbe. Amin alipokosa kwao silaha na fedha alizotaka, aligeukia Libya ya Muammar Gaddafi. Machi 1972 Waisraeli wote, wahandisi na wakufunzi pamoja na familia zao, waliamriwa kuondoka. Septemba mwaka huohuo Amin alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, telegramu iliyomsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi.

Wayahudi wa Uganda wenyewe hawakuwa wageni wala matajiri. Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1919 na kiongozi Semei Kakungulu karibu na Mbale, walikuwa Waafrika, wengi wao wakulima. Amin aliipiga dini yao marufuku, masinagogi yakafungwa, na wengi wakabadili dini kwa hofu. Waliobaki walisali kwa siri, na jumuiya iliyokuwa na watu maelfu ikashuka hadi mamia.

Walioguswa kwa wingi katika taaluma walikuwa Waasia. Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wenye hati za Uingereza waondoke ndani ya siku 90, kisha agizo likapanuliwa. Hapa hatua za Ujerumani zinarudi moja baada ya nyingine. Kulikuwa na shutuma ya uchumi, kwamba kundi dogo limekalia nafasi za wengi. Kulikuwa na msamaha uliotangazwa kwanza kwa madaktari, mawakili na walimu, ambao haukuwapa usalama wowote, na wengi wao waliondoka na wengine. Kulikuwa na uhakiki wa karatasi: Waasia waliokuwa raia wa Uganda walipanga foleni kuthibitisha uraia wao, na wengi waliambiwa kwamba hati fulani ilichelewa, hivyo si raia tena. Kulikuwa na kikomo kidogo cha fedha za kutoka nazo, na vizuizi vya askari kwenye barabara ya Kampala hadi Entebbe vilimalizia dhahabu na saa za mkononi.

Muda ulipokwisha tarehe 8 Novemba 1972, Waasia takriban 50,000 walikuwa wameondoka. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000 na Kanada zaidi ya 6,000. Maduka, viwanda na nyumba zao viligawiwa, vingi kwa askari na watu wa karibu na utawala. Waganda waliwapa wamiliki hao wapya jina ambalo halijasahaulika: mafuta mingi.

Kutoka kwa Waasia, mkono uliwafikia Waafrika bila kuchelewa. Tarehe 21 Septemba 1972, siku 90 hazijaisha, watu wenye silaha walimchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka kutoka Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana. Hakuonekana tena. Mwezi uliofuata alitoweka Frank Kalimuzo, Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Wahadhiri, madaktari na mawakili wakaanza kuvuka mipaka kuelekea Kenya, Tanzania na Zambia.

Suala la Wayahudi lilirudi Entebbe Juni 1976, ndege ya Air France ilipotekwa na kuletwa huko. Watekaji, wakilindwa na askari wa Amin, waliwatenga Waisraeli kutoka kwa abiria wengine, ambao waliachiwa. Makomando wa Israel waliwaokoa karibu mateka wote usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai. Dora Bloch, mama mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa amelazwa Hospitali ya Mulago, aliachwa nyuma. Alitolewa kitandani akauawa. Waziri wa Afya wa wakati huo, Henry Kyemba, alikimbia nchi mwaka uliofuata na kueleza hadharani yaliyotokea.

Kinachofanana na kisichofanana

Tofauti za mikasa hii ni kubwa. Ujerumani ilitumia miaka sita, bunge lililotiishwa, mahakama na urasimu makini. Uganda ilitumia miezi mitatu, redio na kambi za jeshi. Utawala wa Nazi uliishia kwenye mpango wa kumaliza kabila zima, ilhali Waasia wa Uganda walifukuzwa na wengi wao wakaishi. Waliouawa kwa wingi chini ya Amin walikuwa Waafrika, na makadirio ya idadi yao yanafika hadi 300,000.

Yanayofanana ni utaratibu wake. Kwanza kundi linaonyeshwa kuwa limejaa mahali pa wengine, bila kueleza kwa nini liliingia hapo. Pili, hofu ya mtaani inaachwa itangulie. Tatu, inakuja karatasi: fomu, uhakiki, orodha. Nne, unatolewa msamaha unaowagawa waathirika na kuwachelewesha. Tano, kazi inabanwa kabla ya kufutwa. Sita, nafasi na mali zinagawiwa, na waliogawiwa wanakuwa walinzi wa udhalimu huo kwa sababu kurudi kwa haki kungewatoa walipokaa. Saba, chombo kilichonolewa kwa kundi la kwanza kinamgeukia yeyote.

Siyo kila sera inayogusa wachache ni ya aina hii. Tanzania ilitaifisha majengo mwaka 1971, na wengi walioathirika walikuwa Waasia, jambo lililoacha machungu. Lakini sheria ile ilipima thamani ya jengo, zaidi ya shilingi 100,000. Haikuuliza bibi wa mwenye jengo alisali wapi. Mwalimu Nyerere alilaani hadharani kufukuzwa kwa Waasia wa Uganda akikuita ubaguzi wa rangi. Kipimo kinachotumika ni hicho: je, sheria inauliza mtu amefanya nini na ana nini, au inauliza amezaliwa na nani?

Gharama na marejesho

Gharama ilimwangukia pia aliyedhani hahusiki. Ujerumani ilimfukuza mwanabiokemia Hans Krebs kutoka Freiburg mwaka 1933. Alifanya kazi yake kubwa Uingereza na kupata Nobel mwaka 1953. Uganda ilipoteza madaktari wa Mulago, walimu wa Makerere na wahandisi kwa wakati mmoja, na aliyeumia kwanza alikuwa mgonjwa wa kijijini asiyewahi kugombana na Mwasia yeyote. Kanda ya Ziwa nayo ililipa: Oktoba 1978 jeshi la Amin lilivamia Kagera, na mwaka 1979 ndege ya kivita ya Libya ilijaribu kuupiga mji wa Mwanza. Vita hivyo viliisha kwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda kuingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979.

Marejesho yalikuja kwa viwango tofauti. Uganda ilipitisha sheria ya mali zilizotwaliwa mwaka 1982, na katika miaka ya 1990 familia nyingi za Waasia zilirudishiwa majengo na viwanda. Abayudaya walifungua masinagogi yao tena. Ujerumani Magharibi ilitunga mwaka 1951 sheria ya kuwafidia watumishi wa umma waliofukuzwa. Mkutano mkuu wa madaktari wa Ujerumani uliomba radhi rasmi kwa niaba ya taaluma nzima mwaka 2012, miaka 74 baada ya leseni kufutwa, wakati karibu wote walioumizwa walikuwa wamekufa.

Jengo lina hati na linaweza kukabidhiwa mjukuu. Miaka ya kazi haina hati ya namna hiyo. Wanataaluma wachache tu walirudi kwenye viti vyao. Walter Zweig alikuwa mmoja wao: mwaka 1947 alirudi na familia yake katika Ujerumani iliyobomoka, akafanya kazi ya ujaji Frankfurt, mahakamani, akiwa tena na joho begani.